Pointi za Dakika za Mwisho na Mkeka wa Handikapu: Namna ya Kuzisoma Kabla ya Kuweka Dau

Mshindi wa mchezo anaweza kujulikana dakika kumi kabla ya kipenga cha mwisho, ilhali mshindi wa mkeka (tiketi ya dau) wa handikapu, yaani dau linaloangalia tofauti ya pointi, hajulikani hata ikibaki sekunde moja. Watazamaji wameanza kuondoka, makocha wamewaingiza vijana wa benchi, na wachezaji wa timu iliyoshindwa wanasubiri tu muda uishe; kisha mmoja wao anarusha mpira kutoka mbali, unaingia, na tofauti inashuka kutoka 8 hadi 5. Kwenye msimamo wa ligi hakuna kilichobadilika, lakini aliyekuwa na timu kubwa kwa -6.5, yaani aliyehitaji ishinde kwa 7 au zaidi, mkeka wake umechanika.

Wengi huiita hali hiyo bahati mbaya na kuishia hapo. Mimi naona kwamba sehemu kubwa ya pointi hizo za mwisho ina sababu: inatokana na jinsi timu zinavyolazimika kucheza muda unapoisha, na mambo hayo yanaweza kusomwa mapema na mtu mwenye subira. Hayawezi kukuhakikishia ushindi, ila yanaweza kukuonyesha ni handikapu zipi ziko karibu na moto na zipi ziko mbali nao.

Handikapu inauliza swali lake

Handikapu ya pointi humpa mzigo yule anayetarajiwa kushinda na humpa nafuu yule anayetarajiwa kushindwa. Timu kubwa ikiwa kwa -6.5, inapaswa kushinda kwa pointi 7 au zaidi ili mkeka wake upite. Timu ndogo kwa +6.5 inaweza kushinda, kutoka sare, au kufungwa kwa pointi zisizozidi 6, na mkeka wake ukapita. Namba ikiwa kamili, kwa mfano -7, na tofauti ikawa 7 hasa, dau hurudishwa. Timu zenyewe hazichezi kwa ajili ya namba hiyo. Kocha anayeongoza kwa pointi 4 anataka muda uishe, na kama njia salama ya kuumaliza ni kuacha kufunga, ataacha kufunga. Jambo hili ndilo mzizi wa karibu kila kitu kinachofuata.

Inafaa kujua pia uzito wa mkeka mmoja katika hesabu ndefu. Katika odi (bei ya dau) ya kawaida ya handikapu nchini Marekani, mtu huweka 110 ili apate faida ya 100. Akicheza mikeka 21 na kushinda 11, amepata 1,100 na kupoteza 1,100, yaani amerudi pale pale alipoanzia. Sasa chukua mkeka mmoja tu kati ya ile 11 uchanike kwa pointi ya sekunde ya mwisho: ushindi unakuwa 10, hasara zinakuwa 11, na mtu yule yule, mwenye uamuzi ule ule, yuko chini kwa 210. Kwa hiyo si ajabu kwamba watu huzikumbuka pointi hizo kwa uchungu. Hata hivyo hesabu hiyo hiyo hufanya kazi upande wa pili, pale pointi ya mwisho inapouokoa mkeka uliokuwa umekufa, na huko watu hawakumbuki sana.

Futiboli ya Kimarekani: namba 3 na namba 7

Nimeanza na mchezo huu kwa sababu ndani yake muundo wa alama unaonekana wazi kuliko kwingine. Mkwaju unaopita katikati ya nguzo una pointi 3, na tachidauni, yaani kuufikisha mpira kwenye mstari wa kufungia, ina pointi 6, ambayo kwa kawaida hufuatwa na mkwaju wa pointi 1. Kwa sababu hiyo michezo mingi ya ligi ya NFL huisha kwa tofauti ya 3 au 7 kuliko tofauti nyingine yoyote. Handikapu ya -2.5 na ile ya -3.5 zinatofautiana kwa pointi moja tu kwenye karatasi, lakini katikati yake ipo namba inayotokea mara nyingi zaidi katika mchezo mzima, na mara nyingi ni mkwaju wa dakika ya mwisho unaoileta.

Tazama timu kubwa inaongoza kwa pointi 14, zimebaki dakika mbili, na handikapu yake ni -7. Ulinzi wake unarudi nyuma, unaacha pasi fupi za katikati ya uwanja na kulinda zile ndefu, kwa sababu inachohitaji ni muda, na kila pasi fupi inayomalizika ndani ya uwanja inakula sekunde. Timu ndogo inasogea yadi 8, yadi 11, yadi 9, bila kusumbuliwa sana, na mwishowe inafunga tachidauni ikiwa zimebaki sekunde 20. Zamani hesabu ingekwenda moja kwa moja: mkwaju wa pointi 1, tofauti 7, dau linarudi. Siku hizi makocha wengi walio nyuma kwa 8 baada ya tachidauni huchagua kujaribu pointi 2 badala ya 1. Jaribio likifaulu tofauti ni 6, na timu kubwa kwa -7 imepoteza; likishindikana tofauti ni 8, na timu kubwa kwa -7 imeshinda. Kwa hiyo kabla ya kuchukua handikapu ya 7, chunguza tabia ya kocha wa timu ndogo akiwa nyuma kwa pointi 14, kwa maana uamuzi wake ndio utakaoamua kama dau lako linarudi au linakwenda.

Upande wa pili kuna mchezaji anayekataa kufunga. Tarehe 15 Novemba 2020 Cleveland Browns walikuwa wanaongoza Houston Texans 10–7, na handikapu ilikuwa karibu pointi 4. Nick Chubb aliupata mpira, akapenya, akakimbia yadi 59 bila mtu mbele yake, na alipofika yadi ya mwisho kabla ya mstari wa kufungia akatoka nje ya uwanja kwa makusudi. Angefunga, Texans wangepewa mpira tena. Kwa kutofunga, Browns walibaki na mpira, wakapiga goti (mwenye mpira anagusa goti chini bila kushambulia, saa ikiendelea) mpaka muda ukaisha, na mchezo ukabaki 10–7. Miaka miwili kabla yake, tarehe 28 Oktoba 2018, Todd Gurley wa Los Angeles Rams alifanya jambo kama hilo dhidi ya Green Bay Packers, akasimama kabla ya mstari, na Rams wakashinda 29–27 huku handikapu yao ikiwa zaidi ya 7. Wote wawili walifanya kile ambacho timu yao ilihitaji. Aliyekuwa na timu hizo kwa handikapu alikuwa anahitaji kitu kingine, na hakuna kocha aliyewahi kuwa na wajibu wa kumpa.

Sheria nazo hubadilika, na mabadiliko hayo hugusa mkeka. Tarehe 14 Januari 2018 Minnesota Vikings walikuwa nyuma ya New Orleans Saints 24–23 zikibaki sekunde 10. Stefon Diggs alipokea pasi, mlinzi akamkosa, na akaukimbiza mpira hadi mwisho: tachidauni ya yadi 61, muda umekwisha, 29–24. Handikapu ya Vikings ilikuwa karibu 5 na nusu. Kanuni ya wakati huo iliwalazimu kurudi uwanjani kwa jaribio la pointi ya ziada, na dunia nzima ya wabashiri ikasubiri kuona kama watapiga mkwaju. Walipiga goti, na tofauti ikabaki 5. Kuanzia msimu wa 2018 jaribio hilo halifanywi tena pale tachidauni ya mwisho inapokuwa imeshaamua mchezo. Maana yake kwa anayeweka dau ni hii: tachidauni ya ushindi katika sekunde ya mwisho inaleta pointi 6 na kufunga hesabu, hivyo tofauti za mwisho kama 1, 2, 3, 4 na 5 zinakuwa karibu zaidi na timu iliyotoka nyuma kuliko 7.

Siwezi kuacha mchezo wa tarehe 16 Novemba 2008 kati ya Pittsburgh Steelers na San Diego Chargers, kwa sababu unafundisha kitu tofauti. Steelers walikuwa mbele 11–10 na handikapu yao ilikuwa takriban 4 au 5. Katika shambulizi la mwisho kabisa Chargers walirushiana mpira nyuma kwa kubahatisha, Troy Polamalu wa Steelers akaudaka na kuufikisha mstarini. Waamuzi waliikubali tachidauni, kisha wakaifuta baada ya kuangalia marudio, na baadaye ikakiriwa kwamba walikosea kuifuta. Matokeo yalibaki 11–10. Matukio ya namna hii hayasomeki mapema na hakuna mbinu ya kuyaepuka. Yakikupata, yaandike katika safu ya bahati na usiyajengee nadharia.

Mpira wa kikapu: faulo zinazorefusha dakika

Katika kikapu, timu iliyo nyuma hufanya faulo kwa makusudi ili kusimamisha saa, na adhabu yake ni mitupo huru. Kwa hiyo timu inayoongoza huongeza pointi ikiwa imesimama tu, na tofauti inaweza kupanda au kushuka mara kadhaa ndani ya nusu dakika. Tufuatilie kwa karibu, kwa mfano wa kubuni. Timu kubwa iko mbele kwa 5, ina mpira, zimebaki sekunde 30, na handikapu yake ni -6.5. Faulo inafanywa, mitupo miwili inaingia, tofauti ni 7, na mkeka wa timu kubwa unapita. Sekunde sita baadaye timu ndogo inafunga pointi 3, tofauti ni 4, na mkeka umechanika. Faulo nyingine, mtupo mmoja unaingia na mwingine unagonga chuma, tofauti ni 5. Timu ndogo inakosa, timu kubwa inadaka ribaundi (mpira uliokosa kikapu), inachezewa faulo zikibaki sekunde 12, inafunga yote miwili, tofauti ni 7 tena.

Sasa zingatia sekunde hizo 12 za mwisho, kwa maana hapo ndipo wengi hupotea. Timu ndogo iko nyuma kwa 7 na haiwezi kushinda kwa shambulizi moja. Kocha wa timu kubwa ana agizo moja: msimguse mtu. Mlinzi anarudi hatua mbili, mikono juu, na mrushaji anapata nafasi ambayo hakuipata tangu mchezo uanze. Mtupo huo ukiingia, tofauti inakuwa 4 au 5. Hauna maana yoyote kwa mchezo, lakini umeamua mkeka, na umepatikana kirahisi kwa sababu hauna maana kwa mchezo.

Kutokana na hayo napenda kugawa handikapu za kikapu kwa ukubwa. Zile za kati ya 4 na 9 ndizo zilizo ndani ya eneo la faulo, kwa kuwa timu iliyo nyuma kwa pointi hizo bado ina matumaini na itaendelea kusimamisha saa. Kwa handikapu hizo, kabla ya kuchagua upande, angalia asilimia ya mitupo huru ya wachezaji ambao timu kubwa huwapa mpira mwishoni, wala usiangalie wastani wa timu nzima, kwa sababu mtu mrefu anayekosa nusu ya mitupo yake hatakuwa uwanjani wakati huo. Handikapu za 12 na zaidi zina tatizo lingine: mchezo ukishaamuliwa, wachezaji wakubwa hukaa, na robo ya nne huchezwa na benchi. Hapo swali lako ni benchi la nani lina watu wanaotafuta nafasi, na kama kocha wa timu kubwa huwatoa mapema. Katika ratiba iliyobana, kwa mfano timu ikicheza siku mbili mfululizo, huwatoa mapema zaidi.

Soka na dakika za majeruhi

Katika soka bao moja lina uzito mkubwa, hivyo bao la mwisho linahamisha handikapu nzima. Mabao huongezeka kadiri mchezo unavyoendelea, wachezaji wanapochoka na timu iliyo nyuma inapofungua nafasi. Timu inayoongoza 1–0 katika dakika ya 88 iko katika hali ya pekee: mpinzani anapeleka hata golikipa kwenye kona, na mpira ukiokolewa, lango liko wazi. Kwa hiyo handikapu ya -1.5 ambayo ilikuwa haina dalili ya uhai inaweza kufufuka kwa shambulizi moja la kushtukiza. Upande wa pili, timu inayoongoza 2–0 na kulegea hufungwa bao la kufutia machozi, na -1.5 inakufa.

Mfano bora ninaoujua ni England dhidi ya Iran, Kombe la Dunia nchini Qatar, tarehe 21 Novemba 2022. Hadi dakika ya 89 matokeo yalikuwa 5–1. Katika dakika ya 90 Jack Grealish akafunga la sita. Waamuzi wa mashindano hayo walikuwa wameagizwa kuhesabu kikamilifu muda unaopotea, na katika dakika ya 90+13 Mehdi Taremi akafunga penalti: 6–2. Mtu yeyote mwenye Iran kwa +4.5 alikuwa anashinda katika dakika ya 89, akawa amepoteza katika dakika ya 90, na akashinda tena dakika kumi na tatu baadaye. Mwenye England kwa -4 ya Kiasia, ambayo hurudisha dau tofauti ikiwa 4 hasa, alitoka kwenye ushindi hadi kurudishiwa dau. Ndiyo maana, kabla ya mashindano yoyote, inafaa kujua waamuzi wameagizwa nini kuhusu dakika za majeruhi, kwa sababu dakika 13 ni muda wa kutosha kufunga bao katika mchezo uliokwisha kuamuliwa.

Hapa pana makosa mawili ambayo nimeyaona mara nyingi. La kwanza ni kuchanganya aina za handikapu. Katika handikapu ya Kiasia ya -1, ushindi wa bao moja hurudisha dau. Katika handikapu ya njia tatu (timu kubwa, sare au timu ndogo), ushindi huo huo huhesabiwa kuwa sare ya handikapu, na aliyechagua timu kubwa amepoteza. Bao la dakika ya 94 linaloleta 2–1 lina maana tofauti kabisa kwa watu hawa wawili. La pili ni kudhani kwamba dakika 30 za nyongeza zinahesabika: kwa kawaida mkeka wa soka hufungwa baada ya dakika 90 pamoja na dakika za majeruhi, ilhali katika NFL na NBA (ligi ya kikapu ya Marekani) muda wa ziada huhesabika. Soma kanuni za kampuni ya ubashiri unayoitumia kabla ya mchezo.

Tazama pia sababu ya timu kuendelea kufunga. Katika hatua ya makundi ambako tofauti ya mabao inaweza kuamua nafasi, timu inayoongoza 3–0 bado ina kitu cha kutafuta. Katika mchezo wa mtoano wa mara moja, haina.

Michezo mingine naipitia kwa ufupi. Katika hoki ya barafu timu iliyo nyuma humtoa mlinda lango ili kuongeza mshambuliaji, na bao kwenye lango tupu ndilo linalovusha wengi walio na -1.5; lakini mchezo ukienda muda wa ziada, tofauti itakuwa bao 1, na -1.5 haina tena nafasi. Katika besiboli timu ya nyumbani inayoongoza haipigi zamu yake ya mwisho, hivyo timu kubwa ya nyumbani kwa -1.5 ina zamu nane tu za kupata mikimbio yake, na timu ya ugenini ina tisa. Tofauti hiyo ndogo ina thamani, na wengi hawaijui.

Kuitumia elimu hii kwa vitendo

Kabla ya mchezo, andika namba yako kwenye karatasi na ujiulize: zikibaki dakika mbili, na timu kubwa ikiwa mbele kwa tofauti iliyo karibu na namba hii, ni nani atakayekuwa na haja ya kufunga? Kama jibu ni timu ndogo pekee, namba hiyo inaelemea upande wa timu ndogo kuliko inavyoonekana. Kama timu kubwa inaweza kuongeza bila kutaka, kwa mitupo huru au lango tupu, inaelemea upande wa pili. Usisahau kwamba wapanga odi nao wanajua haya yote, na sehemu yake kubwa imo tayari ndani ya bei. Faida yako, kama ipo, iko kwenye nusu pointi: kampuni moja inakupa +7.5 na nyingine +7 kwa odi ile ile, na wewe unaichukua ya kwanza. Kununua nusu pointi kwa odi mbaya zaidi kunaweza kufaa kuzunguka 3 na 7 katika futiboli, kwa bei ndogo. Kuzunguka 5 au 9 ni kutupa pesa.

Mchezo ukiwa unaendelea, kuwa mwangalifu na kitufe cha kutoa pesa mapema. Bei unayopewa tayari imekatwa sehemu ya kampuni, na inakujia wakati moyo unadunda. Amua kabla ya mchezo ni katika hali gani utatoka, na kama hukuamua, usiamue katika dakika ya 89. Na mkeka ukichanika kwa pointi ya mwisho, usiweke mwingine usiku huo. Nasema hivi kwa dhati, kwa sababu dau linalowekwa kufidia uchungu halijapimwa na mtu yeyote, na wengi walioumia sana katika ubashiri walianza kwa kufuatilia hasara moja ya namna hiyo. Pesa iliyo na kazi nyingine nyumbani haina nafasi katika mchezo huu.

Baada ya mchezo, daftari. Andika handikapu, tofauti ilivyokuwa zikibaki dakika mbili katika kikapu na futiboli au dakika tano katika soka, na tofauti ya mwisho. Kisha weka alama moja kati ya mbili: mkeka ulipotea mwishoni, au uliokolewa mwishoni. Lazima uandike zote mbili kwa uaminifu ule ule, kwa kuwa akili huitunza ile ya kwanza na kuisahau ya pili. Ukifikisha mikeka mia moja, linganisha safu hizo mbili. Zikiwa karibu sawa, pointi za mwisho hazijakuonea, na tatizo, kama lipo, liko katika uchaguzi wako wa kabla ya mchezo. Zikitofautiana sana, rudi kwenye mikeka iliyopotea na uangalie namba zake moja moja: je, zilikuwa -7 na -3.5 za futiboli, -5 na -6 za kikapu, -1.5 za timu zinazopenda kulinda bao moja? Namba hizo ndizo za kuanza kuziepuka, au za kuzichukua kutoka upande wa pili.